Mkono Uliofundwa: Mwongozo wa Kupima Ubora wa Kocha wa Warushaji katika Softiboli ya Vyuo

Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887 kama namna ya kucheza besiboli ndani ya ukumbi wakati wa baridi, na ingawa leo huchezwa na watu wa kila rika, sura yake iliyokomaa zaidi hupatikana katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako ni mchezo wa wanawake na ambako NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kimekuwa kikiandaa mashindano ya ubingwa wa taifa tangu mwaka 1982. Kiini cha mchezo huu ni mrushaji, yaani mchezaji anayesimama katika duara lenye nusu kipenyo cha futi 8 (mita 2.4) na kuurusha mpira kwa mkono unaozunguka na kuuachia kutoka chini, umbali wa futi 43 (mita 13.1), kuelekea kwa mpigaji mwenye gongo na mdakaji aliyechutama nyuma yake. Mpira ukienda kwa kasi ya maili 65 kwa saa, ambazo ni takriban kilomita 105, humfikia mpigaji katika muda wa sekunde 0.4 hivi, karibu sawa na muda anaoupata mpigaji wa besiboli anayerushiwa mpira wa maili 95 kutoka umbali wa futi 60 na nusu. Anayemwandaa mrushaji kwa ajili ya sekunde hizo 0.4 ni kocha wa warushaji, ambaye kwa kawaida ni msaidizi wa kocha mkuu na ambaye jina lake ni nadra kutajwa isipokuwa mambo yakienda mrama. Kazi yake ni ufundi kamili, wenye mafundi na wababaishaji wake, na mtazamaji mwenye subira anaweza kuwatofautisha.

Kipimo ambacho wengi hukimbilia ni wastani wa mikimbio, yaani idadi ya mikimbio ambayo timu pinzani imeipata kwa mrushaji bila kusaidiwa na makosa ya wenzake uwanjani, ikikokotolewa kwa kila awamu 7, ambazo ndizo urefu wa mchezo mmoja. Kipimo hiki kina maana yake, lakini humsema zaidi mrushaji na walinzi walio nyuma yake kuliko kinavyomsema kocha. Chuo chenye fedha na jina humpata msichana ambaye tangu utotoni amekuwa akifundishwa na mwalimu wa kulipwa kwa saa huko kwao, na kanuni inayowazuia makocha wa vyuo kuzungumza naye kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari haibadilishi ukweli kwamba mkono unaofika chuoni umebeba mazoea ya miaka mingi. Kisha, kwa kuwa wanafunzi huruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, mrushaji anaweza kufika akiwa amekwisha kukamilika: NiJaree Canady alipotoka Stanford kwenda Texas Tech mwaka 2024 alikuwa tayari mchezaji bora wa mwaka wa vyuo nchini, na katika msimu wake wa kwanza aliifikisha timu yake mpya kwenye fainali ya taifa. Kumsifu kocha yeyote kwa sababu tu nyota wa kiwango hicho amevaa jezi ya chuo chake ni kumvika kilemba cha ukoka.

Mjuzi huanza kwa mrushaji wa pili na wa tatu, wale ambao hawakugombewa na vyuo walipokuwa sekondari, kwa sababu kwao ndiko alama za mkono wa fundi huonekana bila kuchanganyika na kipaji kilichokuja tayari. Katika takwimu zao kuna safu moja inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote, nayo ni idadi ya vituo vya bure, yaani mara ambazo mpigaji amepewa kituo cha kwanza kwa kuwa mrushaji ametupa mipira minne nje ya eneo halali. Vituo vya bure havitegemei walinzi wala bahati ya mpira kudunda vibaya; vinategemea mwendo wa mwili unaojirudia bila kubadilika, na mwendo huo ndio hasa unaofundishwa. Mrushaji ambaye katika mwaka wake wa kwanza aligawa vituo kama njugu, na katika mwaka wa tatu anavitoa kwa nadra huku kasi yake ikiwa ile ile, amepita katika mikono mizuri. Ikiwa mabadiliko hayo yanaonekana kwa warushaji watatu au wanne wa chuo kimoja, wenye miili na tabia tofauti, basi hakuna haja ya kuuliza zaidi. Oklahoma ya mwaka 2023, iliyoshinda michezo 61 na kupoteza mmoja tu, haikumtegemea mrushaji mmoja: Jordy Bahl, Nicole May na Alex Storako, ambaye alihamia hapo kutoka Michigan, waligawana duara chini ya Jennifer Rocha, kocha wa warushaji ambaye kabla ya hapo alikuwa Florida wakati chuo hicho kilipotwaa ubingwa mfululizo mwaka 2014 na 2015. Kocha anayeweza kuiweka mikono mitatu katika msimu mmoja bila kuilazimisha kufanana anastahili heshima ya kipekee.

Hata hivyo takwimu husomwa baada ya kazi kufanyika, ilhali kazi yenyewe huonekana katika kichochoro cha kupashia mwili moto kando ya uwanja, na anayetaka kuhukumu kwa haki hana budi kusimama hapo nusu saa kabla ya mchezo. Jambo la kutazama kwanza ni mkono wa mbele, yaani sehemu kati ya kiwiko na kiganja, wakati wa kuuachia mpira. Kwa miaka mingi wasichana wa Marekani wamefundishwa kumaliza mrusho kwa kuunyanyua mkono mbele, kiwiko kikiinuka na kumwelekea mdakaji kana kwamba kinamsalimu, na kukikunjua kifundo cha mkono kwa nguvu kama chanzo cha kasi. Kamera zinazopunguza mwendo zimeonyesha jambo tofauti: warushaji wenye kasi kubwa, wakiwemo waliofundishwa mtindo huo wa kiwiko, huuacha mkono ukigeuka kwa ndani kuanzia begani, na katika nukta ya kuachia mpira mkono wa mbele huigusa nyonga kidogo, mguso mfupi unaokisimamisha kiwiko ghafla na kuifanya sehemu ya chini ya mkono ichapuke kama ncha ya mjeledi. Kisha mkono humalizia popote unapopelekwa na nguvu hiyo, mara nyingi ukivuka mbele ya mwili, bila kupangwa.

Kocha wa kweli anaijua tofauti kati ya kinachotokea na kinachosemwa kutokea. Akiwa na mrushaji aliyekuja na mtindo wa kiwiko, hamvunji na kumjenga upya mwezi mmoja kabla ya msimu. Humsimamisha hatua chache kutoka kwenye wavu, humpa mpira, humwambia auzungushe mkono polepole mpaka asikie kitambaa cha jezi kikisuguliwa nyongani, kisha humwongezea umbali kidogo kidogo. Mtazamaji atasikia maneno machache sana katika zoezi hilo, nao ukimya huo ni dalili njema. Kocha anayetoa maelekezo matano kwa kila mrusho, kuhusu goti, bega, kidevu, kidole na pumzi, anaonyesha kwamba hajaamua kosa ni lipi, na mwanafunzi aliyeelemewa na maelekezo matano hawezi kutekeleza hata moja.

Miguu nayo ina hadithi yake, ingawa ni fupi zaidi. Mrushaji hujisukuma kutoka kwenye kibao cha kurushia ndani ya ujia wenye upana wa inchi 24, na tangu msimu wa 2024 kanuni za NCAA humruhusu kuwa na miguu yote miwili hewani, jambo ambalo zamani lilikuwa kosa. Mjuzi atazame mguu wa mbele unapotua: ukitua mahali pale pale mrusho baada ya mrusho, hata vumbi likabaki na alama moja iliyochimbika badala ya alama zilizotawanyika, kuna mtu aliyelisimamia jambo hilo kwa miezi mingi.

Aina za mipira ndizo zinazotenganisha kocha anayejua kisa cha mambo na yule anayerudia aliyoyasikia. Mpira wa kudondoka huzungushwa kuelekea mbele ili uzame karibu na magoti, mpira wa kupinda huzungushwa kwa pembeni, na mpira wa kupunguza kasi hutoka kwa mwendo wa mkono ule ule wa mpira wa kasi lakini huchelewa kufika, hivyo gongo likapita kabla yake. Unaosumbua zaidi kufundishwa ni mpira wa kupanda, ambao jina lake linadanganya. Mzunguko wa kurudi nyuma huipa hewa nafasi ya kuusukuma mpira juu, lakini kwa kasi za kawaida msukumo huo haushindi uzito wa mpira. Kinachotokea ni kwamba mpira uliotoka chini kuelekea juu huanguka kidogo kuliko jicho la mpigaji linavyotarajia, na gongo hupita chini yake. Ili kuupata mzunguko huo vidole hupita chini ya mpira, kiganja kikigeuka kama cha mtu anayefungua kitasa cha mlango, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa kiganja kikigeuka mapema au kwa kuchelewa mpira hutoka ukizunguka kama risasi, mhimili wake ukimwelekea mdakaji, na mzunguko wa namna hiyo hausaidii chochote kuuinua.

Kosa hilo huonekana kwa macho matupu. Mpira wa softiboli ya vyuo ni wa njano wenye nyuzi nyekundu, na mtu akisimama nyuma ya mdakaji akaona wekundu umejikusanya katika kiduara kidogo mbele ya mpira, ajue mzunguko ni wa risasi. Akiuona wekundu umetanda kwa mistari inayokimbia kutoka chini kwenda juu, mzunguko ni sahihi. Kocha makini hufunga ukanda wa rangi nyeusi kuuzunguka mpira wa mazoezi ili mwanafunzi mwenyewe aone kama ukanda unasimama wima au unayumba, na kwa njia hiyo humpa uwezo wa kujihukumu bila kumsubiri mtu. Kocha anayemsifu mrushaji kwa kuwa na aina sita za mpira, ilhali zote huzunguka kama risasi na kutofautiana kwa jina tu, anamnyima huduma aliyoijia.

Afya ya bega ni kipimo kisicho na msamaha. Iliaminika kwa muda mrefu kwamba kurusha kutoka chini ni mwendo wa asili usiomdhuru mtu, na imani hiyo imewaumiza wasichana wengi waliorusha michezo mitatu kwa siku moja. Vipimo vilivyofanywa kwa warushaji wa Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 vilionyesha kwamba nguvu inayolivuta bega kutoka kwenye tundu lake hufikia takriban asilimia 80 ya uzito wa mwili, na msuli wa mbele wa sehemu ya juu ya mkono ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuuzuia mkono usichomoke. Wanaotetea kumchosha mrushaji mmoja hupenda kumtaja Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 katika siku mbili za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akaipatia nchi yake dhahabu mbele ya Marekani, na bado alikuwa duarani akiwa na miaka 39 Japani iliposhinda tena Tokyo mwaka 2021. Ueno anastahili kila sifa, lakini mwili mmoja wa ajabu haupaswi kuwa ratiba ya wengine. Yafaa kuhesabu ni warushaji wangapi wa kocha fulani waliomaliza miaka yao minne wakiwa bado wanarusha, na hesabu hiyo iwekwe juu ya vikombe vilivyomo kabatini.

Njia ya kuifikia kazi hii kwa kawaida hupitia duarani kwenyewe: mrushaji humaliza masomo, husaidia timu huku akisoma shahada ya pili, kisha huajiriwa na chuo kidogo kabla ya kupanda. Wengi walianza kama makocha wa kujitolea, wakiishi kwa ada za masomo ya faragha, mpaka NCAA ilipokifuta cheo hicho mwaka 2023 na kuruhusu walipwe. Historia ya uchezaji hata hivyo haitoshi kuwa ushahidi. Lisa Fernandez, aliyeshinda michezo 93 na kupoteza 7 akiwa UCLA na kutwaa dhahabu tatu za Olimpiki, alirudi kufundisha chuoni hapo, na mrushaji Rachel Garcia, aliyefundishwa naye, aliiongoza UCLA kuchukua ubingwa wa mwaka 2019. Mike White alijifunza kurusha katika softiboli ya wanaume ya New Zealand, na mwaka 2025, akiwa kocha mkuu, aliipa Texas ubingwa wake wa kwanza. Walifika kwa njia mbili zisizofanana, na kwa kila mmoja swali la haki ni kama ameweza kuyageuza yale ambayo mwili wake uliyajua kuwa maneno ambayo mwili wa mwingine unaweza kuyatumia.

Siku ya mchezo, mara nyingi kocha huchagua aina ya mpira kutoka benchi kwa namba, ambazo mdakaji na mrushaji huzisoma kwenye kadi waliyoivaa mkononi. Uchaguzi mzuri hujulikana zaidi wapigaji wanaporudi kwa zamu ya pili, kwa kuwa katika zamu ya kwanza hata mrushaji wa kawaida huwa mgeni machoni pao. Kocha pia anaweza kwenda duarani kuzungumza na mrushaji wake, ingawa idadi ya ziara hizo imewekewa kikomo, na mjuzi asihangaike na ishara za mikono bali autazame mrusho unaofuata. Lakini kuna nyakati ambapo mpira wa kudondoka umepotea na kupita juu ya kifua cha mpigaji, uwanja mzima unageuka kumtazama kocha, na kocha haondoki alipoketi. Mrushaji hutoka nje ya duara, huugusisha mkono wake nyongani mara mbili polepole, hurudi kwenye kibao, na kuurusha mpira ule ule tena, safari hii ukizama magotini.