Kwale: Tatu kwa Moja Ilivyopinduka

Agosti 2017, maeneo bunge manne ya Kaunti ya Kwale yalipeleka Nairobi wabunge watatu wa mrengo wa Raila Odinga na mmoja wa Jubilee. Kufikia Oktoba 2022 hesabu ilikuwa imepinduka: wengi wao walihesabiwa upande wa serikali ya William Ruto. Lakini Kwale haikuwa imemtupa Raila. Katika kura za urais za 2022 aliibeba kaunti hii kwa pengo kubwa, kama alivyoibeba 2017. Basi viti vilihamaje, ikiwa wengi wa waliovipigia kura hawakuhama?

Jibu la haraka linalotolewa usiku wa matokeo huwa ni la majina ya vyama. ODM ya Raila ilikuwa na viti viwili, Msambweni na Kinango, ikapoteza Msambweni. Jubilee ilikuwa na Lunga Lunga, ikatoka mikono mitupu. ANC ilikuwa na Matuga na ikaendelea kuwa nayo. UDA ikapata kimoja na UDM kimoja. Hesabu hiyo haina kosa, ila inaficha karibu kila kitu cha maana kilichotokea.

Tuanze na Matuga, ambako kwa macho ya juujuu hakuna kilichobadilika. Kassim Sawa Tandaza alichaguliwa 2017 kwa tiketi ya ANC, akachaguliwa tena 2022 kwa tiketi hiyo hiyo. Mtu yule yule na chama kile kile. Ila mwaka 2017 ANC ya Musalia Mudavadi ilikuwa ndani ya muungano wa NASA pamoja na Raila, na Januari 2022 Mudavadi aliichukua akaenda nayo kwa Ruto. Mbunge wa Matuga hakuhitaji kuhama chama. Chama ndicho kilichohama naye ndani. Katika jedwali la vyama Matuga inaandikwa “hakuna badiliko”, ilhali kwenye mizani ya Bunge ni kiti kizima kilichovuka. Na Januari 2025 ANC yenyewe ilijiunga na UDA, hivyo hata lile jina lililokuwa kwenye karatasi ya kura limeondoka. Walau watu wa Matuga walipiga kura Agosti 2022 wakijua ANC imesimama wapi.

Watu wa Lunga Lunga hawakupata nafasi hiyo. Eneo bunge hili lilikatwa kutoka Msambweni ya zamani, likapata mbunge wake wa kwanza 2013, Khatib Mwashetani, ambaye mwaka 2017 alirudi kwa tiketi ya Jubilee. Mwaka 2022 kiti kilimwendea Mangale Chiforomodo wa UDM. Siku ya kura UDM ilikuwa mshirika wa Azimio, muungano wa Raila. Kwa hiyo usiku ule, mchambuzi makini angeandika: Lunga Lunga imetoka upande wa serikali ya 2017 na kuingia upande wa Raila, na hesabu ya Kwale ni mbili kwa mbili. Baada ya matokeo ya urais, UDM ikahamia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Tarehe 6 Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula akaamua kwamba wabunge 14 wa vyama vinne vilivyokuwa vimetia saini na Azimio (UDM, PAA, Maendeleo Chap Chap na MDG) wahesabiwe Kenya Kwanza. Kwa uamuzi huo Kenya Kwanza ikawa na wabunge 179 na Azimio 157. UDM pekee ilichangia saba kati ya hao 14, na mmoja wao ni wa Lunga Lunga.

Hapo ndipo mbili kwa mbili ilipovunjika. Katika wadi za Lunga Lunga, hakuna mtu wa Vanga, Dzombo, Mwereni wala Pongwe Kikoneni aliyerudi kwenye foleni. Mahakama Kuu iliutengua uamuzi wa Spika Februari 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye, wakati kamati za Bunge zilikuwa zimeshagawanywa na miswada mizito imeshapigiwa kura. Mkataba wa muungano huwekwa kwa Msajili wa Vyama kabla ya uchaguzi ili mpiga kura ajue anachonunua. Ukivunjwa mara baada ya kura kuhesabiwa, aliyedhulumiwa ni mpiga kura, na kila uchambuzi wa nani alipata na nani alipoteza unapaswa kulisema hilo waziwazi badala ya kuliweka fungu moja na ushindi wa debeni.

Kiti kilichohama kwa kura hasa ni Msambweni, na hiki ndicho kinachostahili muda wetu.

Suleiman Dori alikishika kwa ODM kuanzia 2013. Kufikia 2019 alikuwa amesogea karibu na Ruto kiasi cha kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chama pamoja na Aisha Jumwa wa Malindi. Dori aliomba radhi, akasamehewa. Alifariki Machi 2020, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 15 Desemba mwaka huo. ODM ilimsimamisha Omar Boga. Jubilee, kwa heshima ya maridhiano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila, haikuweka mtu. Feisal Bader, aliyekuwa msaidizi wa Dori, akasimama kama mgombea huru, akiungwa mkono na Ruto na pia na Gavana Salim Mvurya. Feisal alipata kura 15,251, Boga 10,444.

Ukitazama tofauti hiyo ya kura 4,807 peke yake, utadhani Msambweni iliikataa ODM. Itazame pamoja na daftari la wapiga kura, lililokuwa na majina takribani 69,000. Mshindi alipata chini ya robo ya waliojiandikisha. Zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakutoka kabisa. Uchaguzi mdogo hauna kura ya urais ya kumtoa mtu nyumbani, na nguvu ya ODM pwani kwa miaka mingi imekuwa ni Raila mwenyewe akiwa kwenye karatasi. Asipokuwepo, kinachobaki ni nani ana watu wa kugonga milango Ukunda, Bongwe, Kinondo na Ramisi, na nani familia ya marehemu inamtambua. Feisal alirithi watu wa Dori, na juu yao akaongezewa mtandao wa gavana. Boga alikuwa na bendera na viongozi wakubwa waliokuja kwa misafara. Kwa maoni yangu chama kiliamini jina lake litatosha, kikasahau kwamba wale walioibeba bendera hiyo mitaani tangu 2013 walikuwa watu wa Dori.

Jubilee kutoweka mgombea nako kulisaidia upande usiokusudiwa. Kura za wasioitaka ODM, ambazo zingegawanyika kati ya Jubilee na Feisal, zilibaki na mlango mmoja mkubwa. Na kwa kuwa alisimama bila chama, mtu aliweza kumpigia kura bila kuona kwamba amemsaliti Raila. Nadhani hilo lilimfaa kuliko chama chochote ambacho angekichukua Desemba 2020. Mwaka 2022 alikiweka kiti hicho ndani ya UDA, akashinda tena, na safari hii Raila alikuwa kwenye karatasi.

Linawezekanaje? Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita kwa mara moja: nyeupe ya rais, ya buluu ya gavana, ya manjano ya seneta, ya zambarau ya mwakilishi wa kike, ya kijani ya mbunge, na ya rangi ya maziwa ya mwakilishi wadi. Wanasiasa huomba suti kamili, yaani karatasi zote sita zipigiwe chama kimoja. Kwale haivai suti hiyo. Mwaka 2017 ilimrudisha Mvurya, aliyekuwa amechaguliwa kwa ODM 2013, safari hii kwa tiketi ya Jubilee, na siku hiyo hiyo ikampa Issa Juma Boy useneta na Zuleikha Hassan uwakilishi wa kike, wote wa ODM. Mwaka 2022 ikamchagua Fatuma Achani, naibu wa Mvurya kwa miaka kumi, kwa tiketi ya UDA, kisha ikamrudisha Issa Boy na kumchagua Fatuma Masito, wote wa ODM.

Ushindi wa Achani una somo lake la hesabu. Alipata karibu kura 60,000, na Profesa Hamadi Boga wa ODM karibu 54,000. Lakini Lung'anzi Chai Mangale wa PAA alikuwemo pia, na PAA wakati ule ilikuwa ndani ya Azimio. Kiti cha gavana hakihitaji nusu ya kura; anayeongoza ndiye anayechukua. Azimio ilipeleka majembe mawili kwenye shamba moja, ikapoteza kwa pengo ambalo kura za mtu wake wa pili zililizidi mara nyingi.

Tukishuka bunge la kaunti, kupata na kupoteza kunakuwa na mkia. Kwale ina wadi 20. Kifungu cha 177 cha Katiba kinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na viti vya kujazia pengo hilo hugawiwa vyama kwa uwiano wa wadi vilizoshinda. Tuchukue mfano wa kubuni: wanaume 18 na wanawake wawili wakichaguliwa, bunge halina budi kufika wajumbe 27 ili wanaume wasivuke theluthi mbili, maana yake viti saba vya uteuzi. Chama chenye wadi 10 kina haki ya nusu ya saba. Kikipoteza wadi tatu, kinapoteza na kiti kimoja cha uteuzi nyuma yake. Mgombea huru akishinda wadi hana orodha ya kuteua, kwa hiyo wadi yake haizai chochote. Ndiyo sababu mchujo mbovu wa tiketi, unaomsukuma mtu anayependwa kwenda kusimama huru, hukiumiza chama mara mbili.

Kwa mwenye kutaka kujua nani hasa alihama, kazi ipo kwenye milango ya vituo. Fomu 34A ya urais na 35A ya ubunge hubandikwa hapo hapo baada ya kuhesabu. Zilinganishe za kituo kimoja: Raila akiwa na kura 300 na mgombea wa ODM 150, angalau nusu ya watu wa Raila hapo hawakumpigia mgombea wa ODM. Raila alifariki Oktoba 2025. Tarehe 10 Agosti 2027 jina lake halitakuwemo kwenye karatasi nyeupe kule Msambweni, na safu ya kwanza ya ulinganisho huo italazimika kuanzwa upya.