Pale “-ka-” Inapokatika

Wanaosimulia kuzama ziwani kwa meli ya abiria ya MV Bukoba huanza kama hadithi yoyote ya Kiswahili inavyoanza. Tulipanda Bukoba, tukapitia Kemondo, tukalala, kukapambazuka, tukaanza kufunga mizigo. Kila “-ka-” imeshika mkono wa iliyotangulia. Halafu, asubuhi ile ya Mei 21, 1996, Mwanza ikiwa bado mbele, mnyororo unakatika. Meli inalala ubavu. Kelele. Maji, chubwi! Mkono wa mtu. Giza.

Maneno hayo nimeyapanga mimi, lakini umbo si langu. Nimelisikia Mwaloni Kirumba, nimelisikia makaburini Igoma, walikozikwa baadhi ya waliokufa. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 800 walipotea siku hiyo, katika meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430. Tangazo la serikali lilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Simulizi la manusura lina mwanzo tu, kisha vipande.

Zamani nilidhani vipande hivyo ni upungufu, na nilipopewa simulizi la namna hiyo nililihariri, nililinyoosha. Nilirudisha “-ka-” zote mahali pake. Niliharibu.

Hofu kali inapomshika mtu, adrenalini humwagika katika damu papo hapo. Homoni ya kotisoli hufuata dakika chache baadaye. Ndani kabisa ya ubongo, amigdala, yenye umbo la lozi, huamshwa na kuamuru kilicho mbele ya macho kikazwe kwenye kumbukumbu. Hipokampasi, ambayo kazi yake ni kufunga pamoja mahali, saa na mfuatano, mara nyingi huzidiwa. Ndiyo maana mtu aweza kukumbuka rangi ya kitenge kilichoelea karibu naye, asijue alikaa majini robo saa au nusu siku.

Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao huko California walifanya jaribio ambalo mhakiki angependa kulibuni yeye. Waliwaonyesha watu hadithi ya picha yenye sehemu tatu: mama na mtoto wanatoka nyumbani, mtoto anagongwa na gari na kuumia vibaya, kisha mambo yanatulia. Baada ya wiki moja, watazamaji wasiopewa dawa waliikumbuka zaidi sehemu ya kati. Waliokuwa wamepewa propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini, hawakuwa na ziada hiyo. Mwanzo na mwisho waliukumbuka sawa na wenzao. Hofu, basi, huandika kwa wino mzito mahali pamoja tu, na kurasa za pembeni huziacha na wino wake wa kila siku.

Nikirudi kwenye simulizi la ziwani nikiwa na hilo kichwani, sioni tena kasoro. Kuondoka kwa “-li-” ni taarifa: tukio halijapata wakati uliopita wa kukaa. Nomino tupu, “maji”, “giza”, ni taarifa: hakukuwa na mtendaji wa kumtafutia kiambishi. Na “chubwi” si pambo. Ni sauti iliyoingia kabla ya sarufi. Waliopona kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, hatukuwadai nao mfuatano ulionyooka? Tuliwauliza saa ngapi, nani alianza, kisha nini, tukaandika “hakumbuki vizuri” juu ya watu waliokumbuka kupita kiasi.

Kipo kitenzi kimoja ninachokingojea kila Mei. MV Bukoba ilipopinduka, waokoaji walisikia waliokuwa ndani wakigonga chuma. Wakatoboa tumbo la meli. Hewa iliyokuwa ikiiinua ikatoka, na meli ikazama. Anayesimulia hapo hupita salama kwenye “wakatoboa” na “ikazama”. Lakini kwenye kugonga, miaka yote hii, hasemi “waligonga”. Husema “wanagonga”.