Kaungua saa ngapi?

Tumchukue mtoto wa miaka 2, kilo 12. Anaingizwa idara ya dharura saa 10 alasiri, kafungwa khanga iliyogandana na kifua. Alivuta kitambaa cha meza, sufuria ya chai ikammwagikia shingoni, kifuani na mkono wa kulia hadi kifundo. Juu ya kidonda kumepakwa dawa ya meno, na juu ya dawa ya meno kumebandikwa manyoya ya sungura. Nimemtunga kwa ajili ya uchambuzi huu, ila yeyote aliyewahi kushika zamu ukanda wetu wa pwani anamfahamu.

Kila mtu chumbani anaangalia kidonda, na hilo ndilo kosa la kwanza. Kwanza pumzi. Huyu analia kwa nguvu na sauti yake haijakwaruza, kwa hiyo tunasonga mbele haraka. Angekuwa katolewa kwenye nyumba iliyowaka, mambo yangekuwa mengine: masizi puani, nywele za pua zilizobabuka, sauti iliyoanza kukauka. Hapo mpira wa kupumulia unaingizwa mapema, kabla koo halijavimba na kuziba njia. Na kile kipimo cha kidoleni kisimdanganye mtu. Hakijui kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi ya moshi. Kinaweza kusoma 98 huku mgonjwa anakosa hewa ndani kwa ndani. Aliyevuta moshi anapewa oksijeni bila kusubiri namba.

Khanga inalowekwa, haivutwi. Dawa ya meno na manyoya vinaoshwa, kwa sababu kidonda kisichoonekana hakipimiki. Maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 yangemfaa sana palepale nyumbani, na faida yake haipotei kabisa hadi masaa 3 tangu ajali. Pasipo na bomba, kata na ndoo vinatosha. Barafu hapana. Huyu kafika mlango huo unajifunga, naye mtoto hupoa upesi, kwa hiyo anaoshwa kidonda tu, sehemu nyingine ya mwili imefunikwa. Mofini kidogo kidogo kwenye mshipa, chanjo ya pepopunda ikaguliwe, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Antibayotiki za kinga hazihitajiki siku ya kwanza.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Aliyeungua hupoteza maji bila kuonekana anavuja. Mwaka 1921 jumba la sinema la Rialto lilipoungua New Haven, Marekani, Frank Underhill aliwachunguza majeruhi akakuta kwamba maji ya malengelenge yanafanana sana na plazma ya damu. Maana yake damu yenyewe inapungukiwa, na figo ndizo za kwanza kulalamika. Maji hayo yanarudishwa kwa dripu ya Ringa lakteti, na kiasi chake kinategemea namba tatu: uzito, eneo lililoungua, na saa.

Uzito ni mizani tu. Eneo ndilo linalotupiga chenga. Ile kanuni ya tisa tunayoikariri chuoni (mkono 9, kichwa 9, mguu 18, kifua na tumbo kwa mbele 18) ni ya mtu mzima. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na miguu mifupi. Akiwa na mwaka mmoja kichwa chake peke yake kinakaribia asilimia 17. Ndiyo maana Lund na Browder, waliowahudumia majeruhi wa moto wa klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston mwaka 1942, walichapisha mwaka 1944 mchoro unaobadilika kwa umri. Kwa mchoro huo, mtoto wetu ana shingo ya mbele 1, nusu ya kifua na tumbo 6.5, mkono toka bega hadi kifundo 7. Jumla 14.5, tuseme 15. Atakayehesabu na ngozi iliyoiva wekundu tu bila kutoka malengelenge anafika 25 kirahisi. Wekundu hauhesabiwi.

Baxter na Shires wa Hospitali ya Parkland, Dallas, walipendekeza mwaka 1968 mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia. Miaka ilivyokwenda ikaonekana wagonjwa wanafurikishwa: mapafu yanajaa, tumbo linakaza. Toleo la 10 la mwongozo wa majeruhi wa chuo cha wapasuaji cha Marekani, mwaka 2018, likashusha mwanzo hadi mililita 2 kwa mtu mzima na 3 kwa mtoto. Basi 3 mara 12 mara 15: mililita 540 kwa masaa 24, nusu yake, 270, ndani ya masaa 8 ya mwanzo, na nusu nyingine kwa masaa yanayobaki.

Masaa 8 tangu lini?

Nesi anauliza, "Mama, mtoto kaungua saa ngapi?" Mama hakuwa na simu mkononi. "Sista, watu walikuwa wanarudi msikitini adhuhuri." Hiyo ni saa 7. Kwenye fomu ya mapokezi kumeandikwa saa 10, na ukiifuata fomu utagawa 270 kwa 8 upate mililita 34 kwa saa. Lakini mwili ulianza kuvuja saa 7. Masaa 8 yanaisha saa 3 usiku, yamebaki 5: mililita 54 kwa saa. Kwa mpira wa bureti, ambao mililita moja ni matone 60, ni matone 54 kwa dakika, unayahesabu kwa saa ya ukutani. Pembeni, kwenye mstari wake, maji ya kawaida ya mtoto yenye dekstrosi, mililita 44 kwa saa.

Namba hizi ni za kuanzia tu. Mkojo ndio unaoamua. Mpira wa mkojo umewekwa, na kwa kilo 12 tunataka kama mililita 12 kila saa. Saa ya kwanza imetoka 5: tunaongeza Ringa kidogo. Ya tatu imetoka 26: tunapunguza. Sijaona kosa linalorudiwa sana kuliko kuipa kanuni heshima na mfuko wa mkojo kuachwa bila kusomwa.

Saa 3 usiku zamu imeshabadilika. Nesi aliyeingia hakumwona mama wala khanga. Anasoma plasta iliyobandikwa kwenye chupa ya dripu: kaungua saa 7 mchana. Anatazama mfuko wa mkojo, mililita 13, kisha anazungusha kigurudumu na kuhesabu matone mpaka yafike 17 kwa dakika.