Muhuri wa Msanii na Jina la Tingatinga: Uhakiki Linganishi

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, muhuri ni alama ya mamlaka. Barua ya ofisi ya kijiji, iwe Liuli kando ya Ziwa Nyasa au kwingineko nchini, hupata nguvu kwa muhuri hata pale mwandishi wake anapofahamika. Uhakiki huu unajadili muhuri wa namna nyingine, yaani ule unaochongwa kwa ajili ya kaligrafia na uchoraji wa Japani. Kwa kuutumia, unapima tatizo la jina katika uchoraji wa Tingatinga, ambao mwasisi wake alizaliwa katika Mkoa huohuo wa Ruvuma.

Uchongaji wa muhuri huo, uitwao tenkoku, ni sanaa inayojitegemea. Mchongaji huandika herufi za kale kinyumenyume kwenye uso wa jiwe laini, kisha huzikata kwa kisu cha chuma. Akichimba herufi zenyewe, hutokea nyeupe katika uwanja mwekundu. Akiondoa uwanja na kuziacha herufi, hutokea nyekundu. Kwa desturi, jina halisi huchongwa kwa namna ya kwanza na jina la kisanaa kwa namna ya pili. Hivyo msanii hujitambulisha mara mbili. Aidha, mwanafunzi aliweza kurithi sehemu tu ya jina la mwalimu. Hiroshige, mathalani, alitwaa "hiro" kutoka kwa mwalimu wake Toyohiro. Nasaba ikaonekana, naye hakumezwa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na akafariki mwaka 1972. Jina alilotia kwenye picha zake likawa jina la mtindo mzima. Wafuasi wake, wakiwamo January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata, walikuwa na majina yao, lakini sokoni kazi za mtindo huo hutajwa kwanza kuwa ni Tingatinga. Wakati huohuo, saini ya mwasisi imeghushiwa katika picha ambazo hakuzichora.

Kudai kwamba muhuri ungezuia ughushi huo ni hoja isiyo na mashiko, kwa kuwa mihuri nayo hughushiwa. Kiini cha tatizo ni kwamba jina moja limebebeshwa kazi mbili: kumtaja mtu na kutaja mtindo. Desturi ya Kijapani huzitenganisha kazi hizo. Kwa hiyo, uhakiki wa Tingatinga hauna budi kuvuka swali la uhalali wa saini na kuusoma mkono wenyewe: mkondo wa mstari, mpangilio wa uwanja na uzito wa rangi, ili kila mchoraji arejeshewe kazi yake. Vinginevyo, mzaliwa wa Tunduru atatajwa kila mahali, huku ikizidi kuwa vigumu kujua ni picha zipi alizichora yeye.