Nyama ya Mbegha na Maana ya Ujamaa

Vitabu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, vilitoka mwaka 1962: chapa mpya ya Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, na kijitabu cha Julius Nyerere juu ya ujamaa. Cha kwanza chasimulia jinsi Wakilindi walivyopata enzi Usambara. Cha pili chadai kwamba ujamaa ulikuwamo tangu zamani katika ukoo wa Kiafrika. Yafaa visomwe pamoja.

Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliwagawia Washambaa nyama ya nguruwe mwitu. Kwa juujuu, huu ni ushahidi wa ujamaa. Lakini Abdallah ni mwangalifu: agawaye nyama ndiye apewaye mke, na mwisho apewa Vugha yenyewe. Shukrani ndiyo mlango wa kodi. Basi kipaji hakikuleta usawa, kilileta daraja.

Uchina ulikabili swali hilo kwa njia nyingine. Confucius alifanya utii wa mwana kwa baba kuwa mzizi wa dola. Mwaka 1974 chama cha Mao kilimshutumu hadharani kuwa mtetezi wa mabwana. Baadaye nchi hiyo hiyo ikaeneza taasisi zenye jina lake, mojawapo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2013. Tanganyika haikuwatukana wazee. Iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, ikalibakiza neno la ukoo, nalo likawa neno la serikali.

Hata hivyo Washambaa walikuwa na kipimo cha mtawala: ama aiponya nchi, kuzifya shi, ama aiharibu, kubana shi. Abdallah hauachi upande huo. Kimweri afapo, mwaka 1862, jamaa zake wapigana, raia wauzwa utumwani, na Wabondei wawafukuza Wakilindi. Ni kipimo hicho hicho kilichofanya kazi miaka ya 1950, wakulima wa Lushoto walipoyakataa matuta waliyolazimishwa na Waingereza, na TANU ikapata nguvu kwao.

Lakini mwaka 1973 TANU yenyewe iliamuru kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wakae katika vijiji vya pamoja. Kijitabu cha 1962 hakina neno la kumwambia baba aliyekosea. Kitabu cha Abdallah kinalo. Undugu usiompa mdogo ruhusa ya kusema “umeiharibu nchi” ni ufalme uliobadili jina tu.