Wakili Aliyejua Msimu

Siku hizi kesi ya rehani huisha kwa makaratasi. Mdai huleta hati, wakili hujumlisha riba, hakimu hupiga muhuri, na shamba lililolisha vizazi viwili huuzwa kabla ya chai ya saa nne. Hakuna anayeuliza mvua ilikatika lini. Ndiyo maana namkumbuka George Norris, mwanasheria wa kaunti huko Nebraska, Marekani, aliyejua swali hilo lina uzito gani.

Alizaliwa mwaka 1861 shambani, Kaunti ya Sandusky, Ohio, mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Hajatimiza miaka minne, kaka yake akafia vitani na baba yake naye akafariki. Akalelewa na mama mjane na dada zake, katika nyumba ambayo kazi haikumngoja mtu akue.

Kisa kimoja alikibeba hadi uzeeni, akakiandika katika kumbukumbu za maisha yake. Mama alikuwa ameshinda juani, jasho likimtiririka, lakini kabla ya kupumzika akachimba shimo la kupandia mti wa matunda. Alimwita kijana ausimamishe wima mche huku yeye akifukia mizizi. Kijana akamwonea huruma: ya nini kujichosha, na mti huu utazaa yeye akiwa keshakufa? Mama hakukasirika. Alimjibu kwamba huenda yeye asiuone ukizaa, ila yupo atakayeuona. Halafu akaendelea kushindilia udongo.

Sijui chuo cha sheria kinachofundisha somo hilo. Kijana alipata shahada yake mwaka 1883, akahamia Nebraska na kufungua ofisi Beaver City, kisha akawa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Furnas. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, na riziki ya karibu kila mtu ilitoka ardhini. Wakili wa mahali kama hapo hakuweza kujificha nyuma ya maneno makubwa: watu waliomsikiliza mahakamani ndio aliokutana nao kesho yake dukani.

Mwaka 1895 akawa jaji, wakati ukame umeunguza mahindi na wakulima wameelemewa na madeni. Mnada wa shamba ulihitaji idhini ya mahakama, na hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Akiona mkulima ana dalili ya kulipa akipata mavuno, alimwongezea muda. Deni alilitambua, mdai hakumdhulumu. Alijua tu kwamba ardhi nayo ina tarehe zake. Naye alikulia shambani, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Baadaye alikaa Bunge la Marekani miaka arobaini, na mwaka 1936 akawa mmoja wa waliopitisha sheria ya kupeleka umeme vijijini, wakati mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa bado gizani. Wengi humsifu kwa hayo. Mimi namsifu kwa zile siku za nyongeza alizowapa wakulima wasioandikwa popote.

Leo wakili huingia kazini na shahada mbili, na viatu visivyowahi kuguswa na tope. Hatumlaumu kwa kuzaliwa mjini. Lakini anapoomba mnada mwezi wa palizi, na hakimu naye hajui palizi ni nini, ni nani mahakamani humo atakayewaambia wasubiri mavuno?