Kumpa Mbwa Mgongo

Mwezi wa kwanza kazi yangu yote ilikuwa kukaa chini na kumpa mbwa mgongo. Jioni, jua likishaacha kuyachoma mabati, nilitoa kigoda nje, nikakiweka hatua kumi na mbili kutoka kwenye pipa la maji alikojificha, nikakaa nikitazama njia. Mkononi nilishika kitabu ambacho sikukisoma. Mfukoni nilikuwa na usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Malawi, wanaofanana na ndagala wetu wa Ziwa Tanganyika, waliofungwa kwenye kipande cha karatasi. Mara moja moja nilirusha samaki mmoja nyuma bila kugeuka. Watoto wa mtaa waliona nimerukwa na akili. Jirani akamuuliza mke wangu, kwa sauti ya chini na ya huruma, kama kesi yetu ya ukimbizi imekataliwa.

Mbwa huyo aliingia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, ndani ya gunia. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi, mtu mmoja niliyemfahamu alifunga duka lake Lilongwe, akapakia alichoweza kupakia, na mbwa akatiwa kwenye gunia la mahindi, kamba shingoni, kichwa tu kikiwa nje. Akasafirishwa hivyo kilomita arobaini na kitu, juu ya magodoro. Alipofunguliwa alikojoa pale pale aliposimama, kisha akatambaa nyuma ya pipa letu na kuhamia huko. Mwenyewe alikuwa na watoto wa kulisha na hakuwa na duka tena. Baada ya wiki mbili akaniambia, "Kaka, ukimtaka ni wako. Na ukimfukuza sitakulaumu."

Sikumtaka. Nilimwogopa kuliko yeye alivyoniogopa. Mimi ni wa Uvira, Kongo, nimekulia hapa kambini, na mbwa niliowajua utotoni walikuwa wa kurushiwa mawe. Kwetu neno lenyewe, imbwa, lilinifikia likiwa tusi kabla halijawa mnyama. Warundi na Wanyarwanda wanalo hilo hilo, na wana matumizi yale yale. Wapo pia majirani ambao chuki yao kwa mbwa haina mzaha hata chembe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mwaka ambao nchini Rwanda mbwa walikula maiti za watu barabarani, hata askari wakawa wanawapiga mbwa hao risasi. Mama mmoja wa mtaa wetu huvuka upande wa pili wa njia akimwona mbwa, hata kitoto cha mbwa cha wiki sita. Sijawahi kumuuliza kitu. Namtaja kwa sababu bila yeye insha hii ingekuwa nyepesi mno.

Watoto wakamwita Gunia, na jina likashika.

Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa la enzi za Rais Kamuzu Banda. Jina lina mzizi wa Kichewa, kuleka, yaani kuacha, na watu hulifasiri "sitarudia tena." Kwa Kiswahili cha nyumbani tungesema tu: Utakoma. Nani kati yetu hakulelewa kidogo na neno hilo? Kumkomesha mtu ni kumfundisha kwa maumivu mpaka aache, na wengi wetu tunaamini mbwa naye hufundishwa hivyo hivyo. Akibweka, fimbo. Akikojoa ndani, pua yake isuguliwe kwenye mkojo. Lakini lugha hiyo hiyo ina kitenzi kingine, kuzoea, chenye ukoo mkubwa: mazoea, mazoezi, uzoefu, kuzoesha. Mwenye uzoefu ni mtu aliyekaa na jambo mpaka likaacha kumshtua. Ninaousifu hapa ni ufundi wa kuzoesha. Walio nao ni wachache, hawana vyeti, na mshahara wao mara nyingi ni wa kulinda geti.

Aliyenifundisha alikuwa mlinzi, mlonda kama wanavyosema huku, katika nyumba moja ya Lilongwe ambako niliwahi kupaka rangi ukuta. Mwenye nyumba alikuwa amenunua jibwa la kutisha wezi. Jibwa lenyewe liliogopa kila kitu, kuanzia ndoo hadi mwavuli, na kwa sababu hiyo liling'ata watu. Mlonda alikaa nalo usiku kucha kwa miezi, na nilipofika kupaka rangi lilikuwa linalala na kidevu juu ya kiatu chake. Nilimuuliza amefanyaje. Akacheka, akasema "pang'onopang'ono." Nimeona kwamba lugha zote za kambi yetu husema jambo hilo kwa kulirudia: polepole, buhoro buhoro, malembe malembe. Labda kusema mara moja tu kungekuwa haraka.

Nilipopata mbwa nilimpigia mlonda simu. Nikamweleza kwamba namrushia samaki karibu na kigoda changu ili aje. Akaguna. Nilikuwa namtega, alisema, simzoeshi. Na kweli: Gunia alikuwa akinyoosha shingo, miguu ya nyuma imebaki kule kule, ananyakua samaki, halafu anagundua yuko wapi na kukimbia kwa kishindo. Kila mlo ulikuwa unaishia kwa hofu. "Rusha nyuma yake," mlonda akasema. "Samaki aanguke upande ambao yeye anataka kukimbilia." Nikabadilisha. Sasa alipata samaki na nafasi, vyote kwa mkupuo mmoja. Baada ya kula, kwa kuwa hakuna aliyemvuta, alirudi mwenyewe kuangalia kama kuna mwingine. Siku ya tisa nilihisi pumzi kwenye kiwiko changu. Sikugeuka. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mkono mmoja.

Kosa la pili lilikuwa la mpangilio. Nilikuwa nikiona watoto wanakuja na mpira, natoa usipa haraka haraka ili nimtulize kabla hawajafika. Baada ya siku chache Gunia alianza kutetemeka kila nilipotia mkono mfukoni. Harufu ya samaki ilikuwa imekuwa habari mbaya. Mlonda akanipa kanuni yenye maneno machache: kitisho kwanza, chakula baadaye. Mtoto atokee mbali kabisa, mbwa amwone, ndipo samaki aanguke. Mtoto akipotea, samaki nao wanakwisha. Siku zikipita, mbwa akimwona mtoto anakugeukia wewe, kana kwamba anasema, haya, yule pale, changu kiko wapi?

Baadaye nikaja kusoma kwamba jambo hili lina historia ndefu kuliko geti la Lilongwe. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika juu ya mtoto aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3 na aliogopa sungura. Mtoto alipewa peremende, na sungura akaletwa chumbani, mbali, kisha kila mara karibu kidogo, mpaka Peter akawa anamshika. Jones alionya kwamba mchezo huo una ncha mbili: ukikosea, mtoto anaweza kujifunza kukiogopa kile chakula badala ya kumzoea sungura. Usipa wangu, miaka mia moja baadaye.

Fundi halisi husoma mwili. Mbwa anayepiga miayo ukimkaribia mara nyingi hana usingizi. Anayeramba midomo ilhali hakuna chakula, anayeinua mguu mmoja na kuganda, anayegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukibaki kwako, wote hao wanasema umesogea mno. Mbwa mwenye njaa akikataa samaki, hapo umeshapita mpaka, na hakuna somo litakaloingia. Rudi nyuma. Mkono usipite juu ya kichwa chake, maana juu ndiko fimbo hutoka. Anza na kifua, sekunde tatu, kisha acha uone kama ataomba tena. Na mlio wa kuunguruma usiadhibiwe kamwe. Kuunguruma ni adabu, ni hodi ya mbwa. Ukimpiga kwa kuunguruma atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila hodi.

Kung'atwa hapa si jambo la kucheka. Kichaa cha mbwa, chiwewe kwa Kichewa, kikishaanza dalili hakina tiba, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kinaua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa meno ya mbwa. Ndiyo maana mbwa mwenye woga anayejificha na kukenua meno huuawa kwa mawe kabla hajaulizwa. Dawa ni chanjo: mwaka 2015 huko Blantyre walichanjwa mbwa zaidi ya 35,000 katika kampeni moja, na Lilongwe chama cha kulinda wanyama, LSPCA, kinafanya kazi hiyo hiyo na ya kuhasi pia. Gunia alichanjwa kabla hatujaanza somo lolote la maana. Watoto nao niliwafundisha wimbo wa kijinga wa kuosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, kisha mbio kwa daktari. Wanauimba hadi leo, hata kwa mikwaruzo ya miiba.

Kuna jaribio jingine, ambalo sikulisoma kwa furaha. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwapiga mbwa shoti za umeme ambazo mbwa hao hawakuwa na namna ya kuzizuia. Baadaye wakawaweka kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi. Kuruka tu kungewaponya. Wengi hawakuruka. Walilala, wakipokea umeme. Karibu miaka hamsini baadaye, 2016, wawili hao waliandika kwamba walikuwa wameisoma habari yao kinyume: kulegea huja kwenyewe, na kinachohitaji kufundishwa ni kujua kwamba hatua yangu inabadilisha kitu. Nilisoma hayo kwenye simu nikiwa kwenye foleni, katika kambi iliyopangiwa watu elfu 10 hadi 12 na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000, wengine wakiwa wamengojea jibu tangu mimi sijaota ndevu. Sitawafananisha watu na mbwa. Tumefananishwa vya kutosha. Ila nilimwelewa mlonda. Samaki walikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa Gunia kugundua kwamba akirudi nyuma hatua moja, dunia nayo inarudi nyuma hatua moja.

Kwa hiyo nilianza kumtii. Akigeuza kichwa, naondoa mkono. Akisimama njiani, nasimama. Watu waliniambia namdekeza, na kwamba mbwa anayebembelezwa akiogopa atazidi kuogopa. Si kweli. Woga si ujanja anaoufanya ili alipwe. Ni kitu kinachompata, kama homa. Aliyejua kwamba atasikilizwa alikuwa na haja ndogo ya kupiga kelele.

Adabu zilikuja kwa urahisi baada ya hapo, na sitazirefusha. Kwenda nje akiamka na akimaliza kula, mpaka akajua mahali pake. Kukaa kitako kabla ya sahani ya ugali wa pumba kuwekwa chini. Kuja akiitwa, na akija asikute kamwe karipio, hata kama amekawia saa nzima.

Moja tu nataka kuisimulia. Nyuma yetu anaishi mzee Mrundi, Mwislamu, anayeswali kwenye mkeka uani. Alinijia kwa upole. "Mwanangu," alisema, "mimi mnyama wako simchukii, lakini udhu wangu nao una haki." Nikategemea ataniambia nimwondoe. Badala yake akanikumbusha Watu wa Pango, waliolala miaka mamia, na mbwa wao akiwa amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. "Yule alikaa kizingitini. Na wako akae kizingitini." Tukapatana hivyo. Nilichora mstari kwa jivu mlangoni na kwenye mpaka wa ua, na kila Gunia aliposimama kwenye mstari bila kuuvuka alipata samaki. Ilichukua wiki tatu. Jivu limefutika zamani, yeye bado anasimama pale pale, na mzee, akidhani simwoni, humtupia mfupa kutoka upande wake.

Yule mama anayevuka njia bado anavuka. Mwanzoni nilitaka Gunia amwonyeshe kwamba yeye ni mbwa mwema. Nikashukuru kwamba nilinyamaza. Siku hizi tukimwona anakuja, ni sisi tunaovuka mapema, ili yeye abaki kwenye njia yake. Gunia amejifunza hilo haraka kuliko mimi, na hupata samaki wake upande wa pili.

Wiki iliyopita tulikwenda hadi kwenye chigayo, mashine ya kusagia, siku ambayo unga ulikuwa umeshuka bei na watu walikuwa wamejaa. Mashine ilikuwa inanguruma, ndoo zinagongana, watoto wanapigana kwa mitungi mitupu. Gunia alisimama, masikio nyuma, mkia nusu. Nilimpa samaki, akamchukua, akamtafuna taratibu, akamtazama mtu mwenye gunia mgongoni akipita. Kisha akanitazama mimi, akageuka, akaanza kurudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida, kamba ikiwa imelegea kati yetu. Nilikuwa na debe la mahindi la kusaga. Nikalitua kwenye foleni, nikamwomba kijana aliyekuwa nyuma yangu anishikie zamu, nikamfuata mbwa.